Binti yangu ameacha kucheza rede

Shikamoo Somo,

Mimi ni mama wa watoto 3, mkazi wa Mtwara mjini, na nina meza ya nguo za watoto sokoni. Ninauza mchanganyiko wa mitumba ninayoitoa kwenye belo na nguo mpya zinazoletwa kutoka Kariakoo, hasa nyakati za sikukuu na msimu wa korosho, wakati wakulima wa Tandahimba na Newala wanapolipwa na kila mzazi anataka mwanawe apendeze.

Tatizo langu limeanza na zawadi. Wifi yangu anaishi Dar es Salaam, naye anauza nguo za watoto kwa njia ya simu. Idi iliyopita alimletea binti yangu wa miaka 9 furushi zima: skintaiti yenye maandishi ya Kiingereza nyuma, kitopu kinachoishia juu ya kitovu, sidiria ndogo yenye sponji ambayo mtoto hajafikia umri wa kuihitaji, na viatu vya mchuchumio vya saizi yake. Akampaka wanja na rangi ya mdomo, akamchora piko mikononi, akampiga picha na kuziweka kwenye ukurasa wake wa biashara. Watu wazima nisiowajua wakaandika "mrembo" na "mama mdogo". Nguo za namna ile alizokuwa akiuza wifi ziliisha kwa siku 2, na wifi akamtumia mtoto shilingi 10,000, akamwambia ndio mshahara wake.

Tangu hapo mtoto anauliza kila siku picha zake zimependwa na watu wangapi. Jioni wenzake wanapocheza rede, yeye anakaa barazani, anasema akikimbia taiti itashuka na viatu vitaharibika. Jumapili moja nilishindwa kujizuia. Nilimwingiza ndani kwa nguvu mbele ya wenzake, nikamwambia anavaa kama malaya na atawaita wanaume. Alilia mpaka akapitiwa na usingizi. Nguo ile haivai tena, lakini sasa anajitanda khanga hata ndani ya nyumba, na kucheza bado hachezi.

Mume wangu anasema ni utoto, utapita. Mama mkwe anasema dawa ni kumpeleka unyago likizo ya Desemba akafundwe. Na linaloniuma zaidi ni kwamba mezani kwangu nguo za namna ileile zipo, tena ndizo zinazotoka haraka. Nikiziacha, jirani yangu wa meza ataziuza. Nifanye nini, nikiwa mama na nikiwa mfanyabiashara?

Mama Muuza Nguo, Mtwara

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nimejikuta nimesimama palepale, kwenye baraza anapokaa binti yako wakati wenzake wanarushiana mpira. Ungeniandikia kwamba anavaa taiti na bado anakimbia, anaanguka na kurudi nyumbani na magoti yenye vumbi, ningekujibu kwa mistari michache kwamba umtafutie nguo nyingine na jambo liishe. Lakini mtoto anayeacha rede ili viatu visiharibike ameshaajiriwa, na kazi aliyopewa ni kukaa akitazamwa. Hilo ndilo la kushughulikia kwanza, na nguo zenyewe nitazifikia.

Nianze na lililo chungu, maana linakuhusu wewe. Wifi yako alimfundisha mtoto kwamba mwili wake ni kitu cha kuangaliwa na watu wazima, akamfundisha kwa sifa na kwa shilingi 10,000. Wewe ulikuja kumfundisha somo lilelile kwa tusi. Neno ulilomwita linabeba mambo ambayo kichwa cha miaka 9 hakiyajui. Alichoelewa yeye ni kwamba ndani yake kuna kitu kibaya ambacho nguo ile ilikifichua, na ndiyo sababu leo anajitanda khanga hata chumbani. Usije ukaifurahia khanga hiyo ukadhani ni adabu, kwa kuwa aliyeivaa ameivaa kwa hofu. Na lile la "kuwaita wanaume" lifute kabisa kinywani mwako. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, avae vyovyote avaavyo, na mtu mzima anayemtazama mtoto kwa jicho baya, jicho hilo ni lake na dhambi ni yake. Ukimtwika binti yako mzigo huo sasa, siku akikutana na mtu wa kumdhuru hatakuja kukuambia, kwa sababu atadhani kosa ni lake.

Kwa hiyo kaa naye siku ambayo hamna haraka, labda mkiwa mnachambua mchele au unamsuka nywele, umwombe radhi. Najua kwetu huku mzazi kumwomba mtoto radhi huonekana ni kujishusha, na bibi zetu wangeshangaa, lakini aibu uliyompa uliitoa hadharani na haitafutika kwa kuinyamazia. Mwambie kwamba ulikosea, kwamba neno lile halimhusu, na kwamba nguo ile umeiweka kando kwa sababu inamzuia kucheza. Sababu iwe hiyo, isichanganywe na nyingine, kwa kuwa hiyo ataielewa na pia ni ya kweli.

Ukweli wake unaonekana hata katika utafiti. Mwaka 1998 mwanasaikolojia wa Marekani, Barbara Fredrickson, na wenzake walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu. Kila mmoja aliingia peke yake katika chumba chenye kioo, wengine wakavaa sweta na wengine nguo ya kuogelea, na wakiwa wamevaa hivyo wakapewa mtihani wa hesabu. Hapakuwa na mtu wa kuwatazama. Hata hivyo wasichana waliovaa nguo za kuogelea walipata alama za chini kuliko wasichana wenzao waliovaa sweta, wakati kwa wavulana mavazi hayakuwashushia alama. Wale walikuwa watu wazima, nasi tunazungumzia mtoto, lakini mimi nikisoma habari ile namwona binti yako barazani: sehemu ya akili iliyopaswa kuukwepa mpira inashughulika kuichunga taiti isishuke. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani nacho kilitoa ripoti mwaka 2007 kuhusu wasichana wanaovishwa na kuonyeshwa kama wanawake wakubwa, kikaeleza kwamba mambo hayo yanahusiana na huzuni ya muda mrefu, kujidharau na matatizo ya kula. Nakutajia haya ili mume wako anaposema ni utoto utapita, uwe na la kumjibu.

Sasa, sitaki udhani kwamba mtoto kupenda kujipamba ni ugonjwa. Nani kati yetu hakuvaa viatu vya mama yake akaburuza miguu ukumbini, hakujifunga khanga mbili, hakumbeba mwanasesere wa matambara mgongoni wakati wa kucheza baba na mama? Lakini viatu vile vilikuwa vinatupwaya. Kule kupwaya ndiko kulikokuwa kunasema kwamba huu ni mchezo, kwamba mwenye viatu ni mama na sisi tumeviazima kwa nusu saa, kisha tukavitupa na kukimbilia mdako. Alichofanya mfanyabiashara ni kukipunguza kiatu cha mama mpaka kikamkaa mtoto sawasawa, na mara kilipomkaa mchezo ukawa umekwisha, kwa maana kiatu cha saizi yako si cha kuigiza tena. Hivyo ndivyo ilivyo kwa ile sidiria yenye sponji pia. Hakuna mtoto duniani aliyeihitaji. Mtu alikaa mahali akafikiri kwamba ikipunguzwa itauzika.

Na watu hao hukaa na kufikiri kwelikweli. Mwanangu, wewe ni mwenzao wa kazi ingawa meza yako ni ndogo, kwa hiyo utanielewa. Karibu na mwaka 2000, mkuu mpya wa biashara ya bidhaa za kampuni ya Disney, Andy Mooney, alikwenda kutazama onyesho la kampuni yake mwenyewe nchini Marekani, akawakuta watoto wa kike wengi wamevaa magauni ya kibinti mfalme yaliyoshonwa nyumbani. Mtu mwingine angeona mapenzi ya akina mama na sindano zao. Yeye aliona fedha ambayo kampuni yake ilikuwa inaiacha chini, na haukupita muda yale magauni, mataji na viatu vikawa mali ya dukani, vikaenea dunia nzima mpaka leo vinaning'inia katika maduka ya kukodisha nguo za watoto wa maharusi hapa kwetu. Wafanyabiashara wa huko walifika hatua ya kuupa umri wa kati ya miaka 8 na 12 jina lake maalumu, ili usiwe tena sehemu ya utoto bali soko lenye nguo zake na vipodozi vyake. Hata rangi ya waridi, ambayo wifi yako bila shaka atakuambia ndiyo asili ya mtoto wa kike, mwaka 1918 jarida moja la biashara ya nguo za watoto huko Marekani liliandika kwamba ni ya kuwavisha wavulana kwa kuwa ni rangi yenye nguvu, na wasichana wavishwe buluu. Fikiria hesabu yake kama muuzaji: rangi zikishagawanywa, kaka hawezi kurithi nguo za dada, na mama ananunua mara mbili.

Wakati mwingine wanavuka mpaka hata kwa wateja wao. Mwaka 2002 kampuni ya Abercrombie & Fitch iliwauzia wasichana wadogo wa Marekani chupi za kamba zenye maneno ya kuchombeza, na wazazi wakaja juu. Uingereza, mwaka 2011, serikali ilipokea ripoti ya Reg Bailey, aliyekuwa mtendaji mkuu wa jumuiya ile ya akina mama wa Kianglikana ambayo ina wanachama Tanzania pia, na chama cha wenye maduka ya rejareja kikatoa mwongozo kuhusu nguo za watoto ziweje. Sweden tangu mwaka 1991 hairuhusu matangazo ya televisheni yanayowalenga watoto wa chini ya miaka 12, na jimbo la Quebec nchini Kanada limewakinga walio chini ya miaka 13 tangu mwaka 1980, kwa hoja kwamba mtoto mdogo hana uwezo wa kutambua kuwa anayemchekea kwenye tangazo anataka fedha za baba yake. Binti yako amefika mbali zaidi ya hapo, kwa sababu hakuonyeshwa tangazo. Aligeuzwa kuwa tangazo lenyewe, akalipwa ujira, na sasa anadai hesabu ya mauzo kwa kuuliza picha imependwa na wangapi.

Kwa wifi yako usiende na ugomvi. Yeye ni shangazi wa mtoto, na kwetu shangazi ana nafasi kubwa, tena naamini alitoa zawadi kwa mapenzi na akaona fursa kama kila mfanyabiashara aionavyo. Mpigie ukiwa na mume wako pembeni, kwa kuwa dada ni wake na neno likitoka kwake halitaitwa wivu wa wifi. Mwambieni mambo mawili: picha zile azitoe zote, ukurasani na kokote alikozituma, na kuanzia sasa binti yenu hapigwi picha ya kuuzia kitu. Zile shilingi 10,000 msimnyang'anye mtoto, ila jina la mshahara liondoke. Ni zawadi ya shangazi basi. Na akitaka kuleta tena, mwombe alete mpira, au kitambaa.

Kuhusu piko na wanja sitasema mengi, ila wewe kama mama ujue kwamba piko inayouzwa siku hizi mara nyingi ni dawa ya kutia nywele rangi, na kemikali iliyomo inaweza kuichoma ngozi ikaacha kovu, na baadhi ya wanja wa unga umekutwa na madini ya risasi. Hina ya majani inatosha kabisa kwa Idi. Mchuchumio nao unaubana mguu ambao mifupa yake haijakomaa.

Nimefika kwa mama mkwe, na hapa natembea kwa adabu, kwa sababu mimi mwenyewe nilichezwa unyago na nina somo wangu ninayemheshimu mpaka leo. Sitaingia katika ubishi wa nani hupelekwa akiwa na umri gani, maana Wamakonde, Wayao, Wamwera na Wamakua hawafanani katika hilo, na ndani ya kabila moja ukoo na ukoo hutofautiana. Ninachokuomba umweleze mama ni kwamba ugonjwa wa mtoto huyu ni kuambiwa mapema kwamba amekuwa, na unyago, hata ukifanywa vizuri kiasi gani, ni mahali pa kumwambia mtu kwamba amekuwa. Ukimpeleka Desemba hii, atakuwa ameambiwa mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja: na shangazi kwa picha, na mama kwa tusi, na kungwi kwa ngoma. Isitoshe, siku ya kuwatoa wanawali waliofundwa siku hizi utaona nguo za sare, vipodozi na simu za kupiga picha, na tutakuwa tumerudi kulekule tulikotoka. Nidhamu ya kufunga khanga, kusalimia na kupokea mzigo wa mkubwa, bibi anaweza kumfundisha pale pale uani bila ngoma. Mwombe afanye hivyo, tena mwombe kwa dhati, kwa kuwa bibi aliyepewa kazi huacha kudai nyingine.

Sasa meza yako. Umeniuliza kwa uwazi, na mimi sitajifanya kwamba riziki ni jambo dogo. Kusini hii ndiko waliko Wamachinga wa Lindi, ambao jina lao limewakaa wachuuzi wa nchi nzima, na kila mmoja wetu ana ndugu aliyelelewa na meza ya sokoni. Siwezi kukwambia uchome mali. Lakini katika vile ulivyonitajia kuna vitu vya aina tofauti. Sidiria yenye sponji ya mtoto na viatu vya mchuchumio vya mtoto havina matumizi mengine yoyote. Hivyo usinunue tena, na vilivyobaki ukubali hasara. Taiti ni suala jingine: ikiwa nzito, ikivaliwa chini ya gauni au na fulana ndefu, ni nguo nzuri ya kurukia kamba. Maandishi ndiyo ya kuangalia sana. Nguo iliyo kwenye belo ilibuniwa kwa ajili ya watu wa mbali, na miaka kadhaa baadaye inatua kwenye meza ya Mtwara ikiwa na neno la kipuuzi mgongoni au makalioni ambalo mama wa Nanyamba anayelipa hawezi kulisoma, akidhani ni urembo. Tafuta kijana wa sekondari akusomee kila belo unapofungua, umlipe soda. Yenye maneno mabaya yakate, au ushone kiraka cha kitenge juu yake, na utaona kiraka chenyewe kinauza.

Jirani yako wa meza ataendelea kuuza zile nyingine, ni kweli. Muache. Ila usisahau kwamba unazijua nguo kwa kuzishika, na mama anayekuja na fedha za korosho anakuuliza "ipi itamfaa?" kabla hajachagua. Jibu lako kwa swali hilo lina nguvu kuliko tangazo lolote la wifi. Mwambie mtoto achuchumae, ainue mikono, aruke mara moja mbele ya meza; nguo ikipanda au ikishuka, mama mwenyewe ataona kabla hujasema neno. Mzazi wa kijijini hanunui nguo ya mwezi mmoja, na nguo inayoruhusu kuruka ndiyo isiyochanika upesi, kwa hiyo hata kwa hesabu za biashara hutakuwa unapoteza.

Watoto wa shule wana bahati moja ambayo tunaidharau. Siku 5 za wiki sare inawasawazisha wote, sketi moja, shati moja, viatu vyeusi, na jioni ya saa 10 wakiwa bado na sare utawakuta wanacheza bila kukumbuka wamevaa nini. Tatizo la binti yako linaishi Jumamosi na Jumapili, na hizo siku 2 unaziweza. Usimshurutishe kurudi kwenye rede, na usimhubirie. Mpeleke kwa fundi pamoja na kitambaa atakachokichagua yeye, hata kama ni cha rangi ya waridi, kwa kuwa kuchagua rangi ni haki yake na wala siyo vita yetu. Fundi amshonee gauni la marinda linalopita magoti, pana la kutosha kukimbilia, na kaptula yake ya ndani ya kitambaa hichohicho, ili akianguka asiwe na cha kukificha.

Na umwambie fundi aweke mifuko miwili yenye kina. Mafundi wengi huisahau kwenye nguo za wasichana, au huweka ya urembo isiyoingia hata kidole. Iwe mifuko ya kweli, ya kutosha kokoto za mdako upande mmoja na embe bichi upande mwingine.

Somo